Umevunjika Mguu, Mtoto Anataka Kubebwa: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Goma

Wengi huanguka wiki ya tatu. Siku za kwanza maumivu yenyewe yanakutia adabu, huthubutu. Kisha mguu unatulia, mtoto analia mlangoni, na mama anajiambia: si ni hatua mbili tu? Anaegemeza gongo moja ukutani, anamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, anageuka. Kinachofuata nakijua, maana nilikifanya mimi mwenyewe, na tangu hapo nimekaa kwenye benchi la kine, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na akina mama na akina papa waliokifanya vilevile. Mmoja alirudishwa chumba cha upasuaji.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyevunjika mguu, awe na plasta, vyuma vya ndani au vile vinavyotokeza nje ya ngozi, ambaye ameambiwa asikanyagie, na nyumbani ana mtoto wa miezi 6 hadi miaka 4. Aliyeumia uti wa mgongo, nyonga au kichwa atapata humu ya kumfaa, lakini hatua ya 4 na ya 9 asizifanye kabla ya kuongea na daktari wake.

Shika kanuni moja: kazi ya mtoto inayotaka miguu, mpe mtu mwingine. Inayotaka mapaja, sauti na macho, usimpe mtu. Nimeona watu wakikosea pande zote mbili. Wapo wanaong'ang'ania kubeba, na wapo wanaomtoa mtoto moja kwa moja akalelewe kwa bibi, halafu miezi minne baadaye mtoto anamwita mama yake "yule mama wa kitandani".

Na ni miezi kweli. Mfupa wa muundi wa mtu mzima kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6 kushikana vizuri, na paja ni hivyo hivyo. Panga kwa miezi, usipange kwa wiki.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoka hospitalini

Mtume mtu avitafute wakati wewe bado uko wodini. Vingi viko nyumbani tayari.

- Kiti kizito chenye mikono, kisicho na magurudumu na kisichoyumba. Kiti cha plastiki chepesi hakifai, kinateleza ukikiegemea.
- Kigoda kimoja kifupi, kile cha kukalia mbele ya mbabula (jiko la makala, yaani mkaa), na kingine cha urefu wa kati.
- Vikofia vya mpira vya magongo, jozi moja ya akiba. Mawe yetu yanavila haraka.
- Mfuko wa kitambaa wa kuvaa begani ukapita kifuani. Huo ndio utakuwa mikono yako.
- Termosi ya chai na nyingine ya uji.
- Bidoni (dumu) ya lita 5. Ile ya lita 20 usahau kwa sasa, ina kilo 20.
- Beseni la kuogea mtoto na poti yake ya plastiki.
- Kisanduku au koba lenye kufuli, kwa ajili ya dawa.
- Ubao wa kuziba mlango hadi kwenye magoti ya mtu mzima.
- Taa ndogo ya sola, maana umeme hauna miadi na mtu.
- Kamba ya kuvaa simu shingoni. Ukianguka, simu iliyo mezani ni kama haipo.
- Vikwembe (vitenge) viwili vya zamani na mkeka.

Na mtu. Ikiwa hukupata hata kimoja katika hivyo lakini umepata mtu mmoja wa asubuhi na mmoja wa jioni, utafika.

## Hatua ya 1: Ondoka hospitalini na majibu manne

Wengi wanatoka na karatasi ya dawa na neno moja, "pumzika". Neno hilo halisaidii mtu mwenye mtoto wa miaka miwili. Uliza hivi, na mtu wako aandike:

1. Mguu huu nikanyagie kiasi gani? Hapana kabisa, kugusa tu chini kwa kidole, nusu ya uzito, au wote?
2. Hadi tarehe gani, na nani ataniambia nibadilishe?
3. Ninanyonyesha. Dawa hizi zinafaa? (Kama hunyonyeshi, uliza zipi zinaleta usingizi mzito.)
4. Kine inaanza lini na wapi?

Ukiambiwa "kilo 20", usikisie. Weka mguu juu ya mizani ya kupimia watu, mwingine uwe sakafuni, ukandamize polepole hadi mshale ufike 20. Rudia mara kumi hadi mguu wenyewe uijue ile 20. Utashangaa jinsi ilivyo ndogo.

Goma tuna bahati kwa jambo hili. Hospitali ya HEAL Africa na ile ya CBCA Ndosho zina upasuaji wa mifupa, na kituo cha Shirika la Umoja kinajulikana kwa kine na viungo bandia. Uliza mapema, maana foleni zipo.

Umefaulu ikiwa mtu wa nyumbani kwako anaweza kujibu maswali hayo manne bila kukutazama wewe.

## Hatua ya 2: Tengeneza kisiwa

Chagua kona moja ya nyumba ambamo wewe na mtoto mtaishi mchana kutwa. Kitanda au godoro liguse ukuta. Kiti kizito kando yake, upande wa mguu mzima. Termosi, maji, poti, nguo safi, mdoli, vyote viwe kati ya urefu wa goti na bega lako ukiwa umekaa. Unachoweza kukifikia bila kusimama hakitakuangusha.

Magodoro ya chini sana yanavutia kwa sababu mtoto haanguki mbali, lakini kuinuka kutoka chini kwa mguu mmoja ni kazi ya mwanasarakasi. Ikiwa nyumba haina kitanda, weka magodoro mawili, moja juu ya jingine, au chaga za mbao, hadi ukikaa magoti yakunjike vizuri.

Sasa toka nje na utazame uwanja. Mgeni anayeona Goma kwa mara ya kwanza anashangaa mawe meusi. Mwenye magongo anaona mashimo. Ncha ya gongo inaingia kati ya mawe mawili ya volkano na kubaki humo, wewe ukiendelea mbele. Omba vijana wafagie kokoto zote kwenye njia ya kutoka mlangoni hadi chooni, wajaze mashimo kwa ule mchanga mweusi na kuushindilia. Mita kumi na tano zatosha. Mbao zilizolowa mvua ziondolewe, ni sabuni.

Kuna mambo mawili sitaki uyapuuze. Mbabula ikae nje au nyuma ya ule ubao wa mlangoni, kwa sababu mtoto akiielekea huwezi tena kumkimbilia. Na usiku, hata baridi ya mvua iwe kali namna gani, usiingize mbabula yenye makala ndani ya chumba mnacholala. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na mtu aliyemeza dawa ya maumivu hataamka kuihisi.

Umefaulu ikiwa unaweza kukaa saa mbili na mtoto bila kuita mtu na bila kusimama.

## Hatua ya 3: Siku ya kwanza, usimvute mtoto

Niliporudi baada ya siku kumi na tisa, kijana wangu alijificha nyuma ya kikwembe cha bibi yake. Alinitazama kwa jicho moja. Mimi nikalia, watu wakamsukuma, "nenda kwa mama, nenda", naye akapiga kelele kana kwamba anapelekwa kwa daktari wa sindano. Kosa lilikuwa letu sote.

Mtoto mdogo haogopi wewe. Anaogopa harufu ya dawa, vyuma, sura iliyokonda, na jinsi watu wazima wanavyonong'ona. Kaa kwenye kona yako, uwe na kitu cha kula mkononi, uongee na wengine kwa sauti yako ya kila siku. Atakuja. Wangu alikuja jioni, kwa ajili ya kipande cha ndizi.

Akishakuja, mwonyeshe mguu wewe mwenyewe kabla hajaugusa kwa siri. Tumia maneno machache, yale yale kila mara: "Huu una uchungu. Huu hauna." Kisha funga kitambaa cha rangi kali kwenye mguu mzima. Huo ndio upande wa mtoto: hapo anakaa, anapanda, anaegemea. Upande wa pili haupandwi. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuelewa kuvunjika kwa mfupa, lakini mahali anapaelewa vizuri kabisa, kama anavyojua kila mtu analala wapi.

Mpe pia kijiti na kitambaa akifunge "plasta" mdoli wake. Wangu alimfunga plasta mbuzi wa mbao, kisha termosi, kisha babu yake aliyekuwa amelala.

Umefaulu ikiwa mtoto anazunguka mwenyewe kuja upande wa kitambaa bila kuambiwa. Kwangu ilichukua siku sita.

## Hatua ya 4: Mtoto apande, wewe usimnyanyue

Hapa ndipo watu wanapofeli, basi soma polepole.

Mtoto wa miaka miwili ana kilo 11 au 12 hivi. Ukisimama kwa mguu mmoja na magongo mawili, umesimama juu ya ncha tatu. Ukimbeba kwa mkono mmoja umeondoa ncha moja na kuongeza kilo 12 upande mmoja, tena kilo zinazojirusha. Hakuna nguvu ya mkono inayoweza kusahihisha hesabu hiyo.

Anayetembea: weka kigoda kifupi upande wa kitambaa, kimeguswa na kitanda. Wewe uwe umekaa, mgongo ukutani, mguu mbovu umenyooshwa juu ya mto. Jipige mapaja makofi mawili, hiyo ndiyo ishara. Apande kigoda, apande kitanda, akae pajani. Ukimsaidia, msukume matakoni kwa kiganja, usimvute kwa mikono yake. Kushuka ni tumbo chini, miguu kwanza. Fanyeni mchezo huo mara tano kwa siku hadi uwe wa kuchosha.

Asiyetembea: mtu anamleta na kumweka mkononi mwako ukiwa umeshakaa. Kama uko peke yako naye, wote wawili muwe chini kwenye mkeka tangu mwanzo, na ukihitaji kusogea, sogea kwa matako, ukimvuta yeye juu ya kikwembe kama mzigo wa chukudu, ile skuta yetu ya mbao. Haipendezi kutazama. Inafanya kazi.

Sasa lile swali ambalo kila mama ananiuliza: "Nikimfunga mgongoni kwa kikwembe, si mikono yangu inabaki huru kwa magongo?"

Hapana. Ninajua inavyovutia, sisi sote tumelelewa mgongoni na tumetembea hivyo hadi soko la Kituku na kurudi tukiwa na samaki kichwani. Lakini kumfunga kunataka uiname mbele ukiwa umesimama kwa miguu miwili, na wewe una mmoja. Akishafungwa, uzito wako wote unavutwa nyuma, wakati magongo yamejengwa kukushika ukielekea mbele. Na mwenye magongo akianguka kinyumenyume anaangukia kilichoko mgongoni. Subiri hatua ya 9.

Kuanguka kwangu kulikuwa kwa namna nyingine, ya kawaida zaidi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mvua imekatika sasa hivi. Alikuwa amekaa kizingitini analia kwa sababu yaya yake, ndugu yake mkubwa, alikuwa ametoka. Nilimshika chini ya kwapa, nikamweka kiunoni kama zamani, na kwa sekunde moja nilijisikia mtu kamili. Kisha gongo langu, ambalo mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja, likateleza kwenye ubao. Nilijigeuza niangukie upande mzima. Yeye alipiga paji la uso kwenye fremu ya mlango, akapata nundu kubwa kama yai. Mguu wangu haukuvunjika tena, lakini nilingoja picha siku mbili bila kulala. Mbabula ilikuwa nje siku hiyo kwa bahati tu.

Umefaulu ikiwa zimepita siku kumi hujamnyanyua ukiwa umesimama, hata mara moja, hata "kidogo tu".

## Hatua ya 5: Kutembea kwa magongo mtoto akiwa karibu

Kwanza magongo yenyewe, yaani bekiyi. Ukisimama wima, kati ya kilele cha gongo na kwapa viingie vidole viwili au vitatu, na kiwiko kikunjike kidogo. Uzito ukae kwenye viganja. Anayejiegemeza kwapani anabana mishipa ya fahamu, na baada ya wiki kadhaa mkono unakufa ganzi, hapo sasa huna mguu wala mkono.

Sheria ya nyumba: *mama akisimama, mtoto anakaa.* Mpe kitu cha kushika kila mara unapoinuka, kile kile, cha kwetu kilikuwa funguo za zamani. Anakaa kigodani, anashika funguo, wewe unainuka, unasubiri pumzi tatu ili kizunguzungu kiishe, ndipo unaondoka. Mtoto anayetembea mbele yako unamwona. Anayetembea nyuma yako atavuta gongo. Kwa hiyo atangulie.

Kizingiti na ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kisha magongo na mguu mbovu. Kushuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia. Ukisahau, kumbuka kwamba mguu mzima daima uko juu.

Chochote unachobeba kiingie mfukoni mwa kifuani. Chai iwe ndani ya termosi iliyofungwa. Kikombe cha moto na gongo havikai mkono mmoja.

Ukianguka, au ukijikuta chini: usiinuke mara moja. Mwite mtu. Kama hakuna mtu na hujaumia, jiburute kwa matako hadi kwenye kigoda kifupi, jisukume kwa mikono ukikalie kinyumenyume, kisha kile cha kati, kisha kiti kizito. Jifunze hili na mtu wa kine kabla halijakupata.

## Hatua ya 6: Kulisha, kuogesha, kunyonyesha

Kulisha ni rahisi, na ndiyo kazi ya kwanza ya kuirudisha kwako. Sufuria iletwe ikiwa imeshapoa. Kula naye sahani moja kama una nguvu: maharage, sombe (majani ya mihogo), mayai, na sambaza, wale wadogo wanaoliwa na mifupa yao, ambao wana madini ya kalsiamu yanayohitajika na mfupa wako na wake. Tumbaku inachelewesha mfupa kushikana. Papa, hili ni lako hasa.

Kuogesha kunataka hadhari. Beseni liwe juu ya kigoda cha kati, wewe umekaa kwenye kiti kizito, mguu mbovu pembeni na umefunikwa mfuko wa plastiki. Maji ya baridi yaingie kwanza, ya moto yafuate, upime kwa kiwiko, ndipo mtoto aingie. Mimina kwa bidoni ya lita 5, usinyanyue beseni. Mkono mmoja haumwachi hata simu ikilia, kwa maana mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja, na wewe huna mwendo wa kumwahi. Kama siku hiyo umechoka, mfute kwa kitambaa. Mtoto mchafu kidogo hajawahi kufa.

Kunyonyesha: lala ubavu upande wa mguu mzima, mto kati ya magoti, mtoto akikutazama. Au umekaa, mtoto umemweka chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma yako, ili asipige teke mguu mbovu. Ukisinzia ovyo kwa sababu ya dawa, usinyonyeshe ukiwa umelala bila mtu macho kando yako.

Kuhusu dawa za maumivu, parasetamoli inafaa kwa anayenyonyesha, na kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Angalia pia dawa nyingine ulizopewa, maana baadhi zina parasetamoli ndani na mtu anajikuta amemeza mara mbili. Tramadoli na kodeini ni jambo lingine: zinaingia kwenye maziwa na zinaweza kumfanya mtoto mchanga alale kupita kiasi na apumue kwa shida. Ukipewa, mwambie daktari wazi kwamba unanyonyesha. Usikubali ya kununua tu kwenye famasi ya jirani. Na zote zikae kwenye koba lenye kufuli. Chini ya mto si mahali pa dawa, mtoto wako analijua chini ya mto kuliko wewe.

## Hatua ya 7: Gawa kazi, na useme wazi

Maji, makala, soko, kufua, kumvusha mtoto barabara ya moto (pikipiki), kumfukuza akikimbia: toa zote. Bakiza kulisha, kumsuka au kumchana, kumkemea, hadithi ya jioni na kumlaza. Hasa kumlaza na kumkemea. Mtoto anajua mzazi ni nani kwa kuangalia nani anasema "basi" na nani anazima taa.

Shida ni kwamba wasaidizi wema hawajui mpaka huo, na wewe unaona aibu kuwaambia. Kwetu ilikuwa hivi. Mtoto akilia usiku, mama mkwe alimchukua na kwenda kulala naye, kwa upendo kabisa. Usiku wa tano nilimwambia: "Mama, ninakuomba. Akilia, mlete kwangu kitandani, upande huu. Nikishindwa nitakuita."

"Utamlaza na mguu huo?"

"Nitamlaza na mkono, Mama."

Alinuna siku moja. Siku ya pili alimleta, akakaa kando kwenye kigoda hadi mtoto aliposinzia, akasema, "Ee, kumbe."

Ombi liwe dogo, lenye saa na jina la kazi. "Nisaidieni" halimpati mtu. "Dada, unaweza kuniletea bidoni mbili Jumanne na Ijumaa kabla ya saa mbili?" linampata. Kama uko kwenye likelemba, kile kikundi cha kuchangishana pesa kwa zamu, uliza kama zamu yako inaweza kuvutwa mbele. Akina mama wa kikundi changu walikubali kabla sijamaliza sentensi. Na yaya wa miaka tisa ni msaidizi mzuri wa saa moja jioni, lakini asikose shule kwa ajili ya mguu wako.

Na akina papa pia: kuvunjika kwa mke si wakati wa kungoja dada yake afike kutoka Rutshuru ili poti imwagwe.

## Hatua ya 8: Hasira, yako na yake

Atarudi nyuma. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ataanza tena, aliyekuwa anaongea atalia tu, mwingine atakupiga mguu ule ule mbovu akikutazama usoni. Usimchape. Shika mkono wake, sema maneno yale yale, "huu una uchungu", umhamishe upande wa kitambaa. Kwa kawaida hupungua baada ya wiki chache.

Yako ni ngumu zaidi kuisema. Kuna siku nilimchukia kwa kutaka maji. Ukihisi sauti inapanda, weka ubao mlangoni, mtoto akiwa salama na mtu, jifunike uso kwa kitenge dakika tano. Aliyeumia kwa risasi au bomu ana jambo la ziada: mtoto naye alisikia ule mlio, na mlango ukigongwa kwa nguvu mnaruka wote wawili. Mwambie ni mlango. Kila mara. Ikipita wiki mbili hulali, unalia kila siku au hutaki hata kumwona mtoto, mwambie muuguzi au mtu wa kine kama unavyomwambia kuhusu kidonda.

## Dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo

Usingoje Jumatatu, usingoje pesa zikamilike:

- Vidole vya mguu vimekuwa baridi, vya buluu au vyeupe, au havina hisia.
- Maumivu ndani ya plasta yanazidi badala ya kupungua, hata baada ya dawa.
- Kigimbi cha mguu kimevimba, kina joto na kinauma.
- Pumzi fupi ya ghafla au kifua kuchoma. Hii usingoje hata saa moja.
- Homa, usaha au harufu mbaya kwenye kidonda au pale vyuma vinapoingia.
- Plasta imepasuka au imelowa.
- Umeanguka na mguu umebadilika umbo au uchungu.

Mtu wa nyumbani asome orodha hii pia, maana mgonjwa mwenye mtoto huwa anajiambia "kesho".

## Hatua ya 9: Kurudi kumbeba

Daktari akishasema unaweza kukanyagia wote, na mtu wa kine amekuona ukitembea bila magongo na bila kuchechemea sana, anza. Kabla ya hapo, hapana.

Usianze na mtoto. Anza na bidoni. Jaza lita 5, uishike kifuani ukiwa umesimama mgongo ukutani, hesabu hadi thelathini. Siku tatu bila mguu kuvimba jioni, tembea nayo ndani ya nyumba. Kisha lita 10, vilevile. Kisha ifunge mgongoni kwa kikwembe, mtu akiwa nyuma yako, na utembee sebuleni. Jirani zangu walicheka sana kuniona nimebeba bidoni mgongoni nikiiimbia. Lakini bidoni ikianguka hailii.

Bidoni ya lita 10 ikishakaa mgongoni wiki nzima bila shida, mwingize mtoto: kwanza ndani, kwenye sakafu, dakika tano, kuna mtu karibu. Wiki inayofuata uwanjani kwenye njia ile mliyoishindilia. Mawe yenyewe na barabara viwe vya mwisho kabisa, tena siku kavu. Mguu ukivimba usiku, rudi hatua moja, kaa hapo siku tatu.

Umefaulu ikiwa mnatoka nje ya uwanja, unarudi, unamfungua, na mguu unauma vile vile ulivyouma asubuhi.

Siku ambayo mimi nilifika hapo, sikumbeba hata hivyo. Alikuwa ameshakua, alitaka kutembea. Tulishuka pamoja hadi kwenye kioski cha mikate, naye njia nzima alishika mkono wangu wa kushoto. Nilipojaribu kumhamishia kulia, mbali na moto zinazopita, alisimama katikati ya njia akagoma: ule haukuwa upande wa mtoto. Ilibidi mimi ndiye nivuke, nitembee ng'ambo ya pili.